Ulinganifu wa Shafti ya Rafadha katika Mashua ya Mbao

Katika mashua ya mbao yenye injini ya dizeli ndani yake, nguvu ya injini huifikia rafadha, au pangaboi kama wengi wasemavyo, kwa njia ya shafti, nayo ni nondo nene ya chuma ipitayo katika bomba lililotobolewa shetrini. Shafti hiyo ikikatika chombo kikiwa mkondoni na abiria, kusimama kwa injini ndiyo hasara ndogo. Kipande cha nyuma chaweza kuchomoka pamoja na rafadha na kuacha tundu wazi chini ya maji. Wengi hulaumu ubovu wa chuma. Mara nyingi, hata hivyo, chuma kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni ulinganifu kati ya shafti na injini.

Ichukuliwe mathalani shafti izungukayo mara 1,000 kwa dakika. Ikiwa imelazimishwa kupinda, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kila upande wake huvutwa na kubanwa mara moja katika kila mzunguko. Kwa saa moja hayo hutukia mara 60,000, na kwa safari ya saa 10 mara 600,000. Yeyote aliyewahi kukata waya bila koleo, kwa kuukunja huku na huku, anaijua kanuni hiyo. Wanasayansi huiita hali hii uchovu wa metali. Ufa huanzia mahali padogo, aghalabu penye mfereji au kona kali, kisha huendelea kupanuka bila ya nahodha kujua. Dalili za mapema ni mtetemo, beringi iliyolika upande mmoja, na maji yanayozidi kuvuja shetrini.

Rafadha yenyewe hufungwa chombo kikiwa pwani. Tundu lake na ncha ya shafti vimechongwa kwa umbo la pia, na kati yao hukaa kipande cha chuma kiitwacho kii. Kwanza rafadha hupachikwa bila kii na alama kutiwa mahali ilipofika. Ikipachikwa tena pamoja na kii, hapana budi ifike alama ile ile. Isipofika, imekalia kii badala ya kuikalia shafti.

Mstari wa shafti huamuliwa na beringi iliyo karibu na rafadha, pamoja na bomba. Kwa hiyo injini ndiyo ifuatayo shafti, wala si shafti kuifuata injini. Fundi asiyezingatia jambo hili huifunga injini kwanza, kisha huvuta kwa bolti mpaka sahani mbili za chuma, ile ya giaboksi na ile ya shafti, zigusane. Bolti hushinda, na kosa hufichika.

Sahani hizo zinapokaribiana, kingo zake zapasa kuwa sawa na nyuso zake kuwa sambamba. Nafasi kati ya nyuso hupimwa juu, chini, kushoto na kulia kwa yale mabamba membamba ambayo fundi wa magari huyatumia kupimia nafasi ya vali. Kanuni ya kawaida ni kwamba tofauti isizidi 1/1000 ya kipenyo cha sahani. Sahani ya milimita 100 huruhusu milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kuandikia. Ukali huo si ushabiki wa wahandisi: kosa la 1/1000 kwenye sahani huwa milimita 3 nzima kwenye ncha ya pili ya shafti ya mita 3.

Kuna mitego. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 40 ina uzito wa kilo 10 hivi kwa kila mita, na ncha yake ya ndani ikiachwa huru huinama yenyewe. Fundi mwangalifu huiinua kwa mizani ya kuning'iniza, kwa kiasi cha uzito wote wa sahani na nusu ya uzito wa sehemu ya shafti isiyoshikiliwa. Kisha shafti huzungushwa robo mzunguko, sahani ya injini ikiwa imetulia. Nafasi pana ikibaki pale pale, kosa ni la injini, na vipande vya bati huongezwa au kupunguzwa chini ya miguu yake. Nafasi ikihama pamoja na shafti, hakuna bati litakalosaidia: shafti imepinda au sahani yake haikukaa sawa, na dawa iko kwenye kerezo.

Hayo yote yakifanywa pwani ni nusu ya kazi. Pwani mkuku hubebwa na magogo. Majini hubebwa na maji, nayo hayainui kila mahali sawasawa. Tumbo pana la mashua hupata msukumo mkubwa kuliko omo na shetri zilizo nyembamba, hivyo ncha mbili huinama kidogo. Tena mbao zilizokauka hunywa maji na kuvimba. Milimita 0.1 haiwezi kustahimili mabadiliko hayo. Ndiyo sababu sahani hufunguliwa kabla ya kushusha chombo, na vipimo vya mwisho huchukuliwa siku kadhaa baadaye, mafuta yakiwa tangini na maji yakiwa matulivu. Ni vigumu kumshawishi mwenye mashua aliyekwisha kungoja bamvua kwamba angoje tena, chombo kikielea bila kazi.

Beringi ya nje hulainishwa na maji ya bahari yenyewe. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn alipata hataza ya beringi za vipande vya mti mgumu sana wa Amerika ya kitropiki, lignum vitae, baada ya zile za shaba kulika upesi mno katika meli za mvuke. Siku hizi mpira wenye mifereji hufanya kazi hiyo. Kizibo cha ndani cha aina ya kamba nacho huachwa kidondoshe matone machache shafti inapozunguka. Baada ya saa ya kwanza ya safari kizibo huguswa kwa mkono. Uvuguvugu si neno. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, ama kimekazwa mno ama mstari umehama. Injini huzimwa, kizibo hulegezwa, na joto lisipopungua sahani hufunguliwa zikapimwa upya.