TUSINGOJE KUCHANGIA JENEZA

Msomaji mpenzi, bila shaka umeona tufanyavyo hapa Sokon I mtu anapofariki. Kabla ya jua kuchwa turubai limekwisha simamishwa, viti vimeletwa, na daftari la michango linapita mkono kwa mkono. Muuza mitumba hutoa, fundi hutoa, hata mama auzaye ndizi njiani hufungua pindo la kanga yake. Hapaulizwi kabila wala dhehebu. Desturi hii ni njema, wala siilaumu. Lakini nakuuliza neno moja: juma lililotangulia, marehemu alipolala kitandani akihitaji dawa, daftari lile lilikuwa wapi?

Wazee watakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitibu watu katika hospitali zake bila malipo. Gharama zikalemea, na mwaka 1993 ikaanza kutoza ada. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa huko Igunga, ili wakulima walipe kidogo kwa mwaka na kutibiwa. Sheria ya 1999 ikaunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao ulianza na watumishi wa serikali. Basi mwenye mshahara alipata kadi mapema. Mchuuzi na mkulima walibaki nyuma.

Mwaka 2022 serikali ilipeleka Bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote. Ilitajwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Hapo watu hawakunyamaza. Wananchi, vyama vya kiraia na wabunge waliuliza: asiye na kitu atalipiwa na nani, na kwa fedha ipi? Swali hilo lilikuwa la haki. Muswada ukarudishwa ukatazamwe upya. Ulipopitishwa Novemba 2023, ulikuwa umetaja mahali pa kupata fedha za kuwalipia maskini: kodi za soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na mengineyo. Ndiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Namba 13 ya 2023. Umeona, ndugu? Sauti ya watu wadogo iliongeza neno katika sheria kubwa.

Sisi wa mlima Meru hatupaswi kushangaa. Mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki, walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini dunia nzima ilisikia. Wale waliochanga hawakuwa matajiri. Walikubaliana tu kwamba shauri la mmoja ni shauri la wote.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, tuhudhurie mkutano wa mtaa. Tuulize orodha ya kaya zisizojiweza imeandikwaje. Je, yule bibi kikongwe aleaye wajukuu peke yake yumo? Au wamo wenye nyumba za kupangisha? Sheria ikiwa njema na orodha ikawa ya uongo, maskini hatafaidi kitu. Pili, vituo vya afya vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajue wajumbe wako, uwaambie dawa zinapokosekana. Kadi bila dawa ni karatasi tu. Tatu, tumwandikie diwani na mbunge kwa adabu, tukitaja tarehe na jambo lenyewe, wala si kunung'unika kijiweni.

Lakini nasi tujikosoe. Wako wanaokimbilia bima siku ugonjwa ulipokwisha ingia nyumbani. Bima haiendi hivyo. Mzima humlipia mgonjwa leo, ili kesho naye alipiwe. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko utakauka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumuiya zetu, kwaya na vyama vya akina mama vyaweza kuweka akiba kidogo kila juma, hata siku ya kulipia bima ikifika, asiwepo wa kuachwa. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kubebeana mizigo. Hakusema tungoje mpaka mbebaji aanguke.

Mkumbuke mjane wa Injili ya Luka. Hakuwa na fedha wala cheo. Alikuwa na miguu ya kumrudia kadhi na kinywa cha kudai haki yake, na mwishowe alisikilizwa. Miguu na kinywa unavyo wewe pia. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, usiseme una kazi. Nenda, na jirani yako umchukue.