Boa yetu si boa



Ni mwezi mmoja sasa tangu sisi wanafunzi wa darasa la tatu tunafuga nyoka. Anakaa ndani ya sanduku la mbao, nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja huku Kamatanda. Mjomba wake ni shofere wa kamyo. Alimnunua kwa watoto kandokando ya barabara ya Bunkeya. Tulimpa jina Kamba. Ana karibu meta moja na nusu, anakula panya, na kila mtu anamwita boa.

Ubishi ulianza siku mmoja wetu alipokuta picha ya boa ndani ya diksionere. Chini yake iliandikwa kwamba huyo ni nyoka wa Amerika ya Kusini. Akatuambia: "Munaona? Huyu eko wa Brezili. Bazungu njo balimuleta!" Wengine tulicheka, wengine tulisadiki.

Lakini haikuwa neno la kucheka tu. Mama wa mwenzetu alikuwa amekwisha kusema: mwisho wa mwezi, huyo nyoka atoke kwangu. Tumpeleke wapi? Kama ni wa huku, anaweza kurudi porini. Kama ni mgeni, hapana. Kule Florida, Marekani, watu walifuga chatu wakubwa wa Asia. Wengine wakatoroka, wengine wakaachwa na wenyewe. Leo wamezaana katika mabwawa ya Everglades, nao wamemaliza sungura sehemu nyingi. Basi ilitupasa kujua kwanza Kamba ni nani.

Tuanze na jina. Katika Kifaransa cha inchi yetu nyoka yeyote mkubwa wa kukaba ni boa, na sisi tunafuata vile vile nyumbani. Kiswahili cha vitabu kinasema chatu. Wazee wa Kibemba wanasema lusato. Kumbe boa na chatu ni jamaa mbili mbalimbali. Chatu anataga mayai, mara nyingi 30 au zaidi, na mama anajiviringisha juu yake kuyalinda. Boa wa Amerika anazaa watoto wazima. Lakini Kamba ni mtoto bado, na hata hatujui kama ni dume ao jike. Tungengoja mayai mpaka lini?

Profesa wa biolojia alitufundisha njia nyingine: kungoja ajivue ngozi. Juma lililopita tuliikuta ndani ya sanduku. Tuliilowesha katika maji ya uvuguvugu, tukaitandaza juu ya ubao, tukashika lupu. Utazame chini ya mkia, baada ya tundu la kutolea uchafu. Kwa boa wa Amerika, magamba ya pale ni moja moja, kila gamba linavuka toka upande huu mpaka upande ule. Kwa chatu yanakwenda mawili mawili. Ya Kamba ni mawili mawili karibu mpaka nchani! Yule wa Brezili alihesabu mara tatu, kisha akanyamaza.

Tukamtazama Kamba mwenyewe. Kwenye mdomo wa juu ana vishimo vidogo. Kwa hivyo anasikia joto la panya hata gizani. Boa wa Amerika hana vishimo vya kuonekana. Juu ya kichwa ana alama nyeusi kama ncha ya mkuki, lakini yule wa Amerika ana mstari mmoja mwembamba katikati.

Je, Afrika haina boa kabisa? Tulitaka kuandika hivyo, profesa akatukataza. Kisiwa cha Madagaska kina boa wake, na katika inchi kavu tangu Misri mpaka Tanzania kuna boa mdogo anayejificha mchangani, mara nyingi hafiki meta moja. Kamba hafanani nao hata kidogo.

Ilibaki kujua ni chatu gani. Chatu wakubwa wa Afrika ni wawili, na kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa mmoja. Yule wa kusini aliandikwa na Andrew Smith katika 1840, toka Natal, lakini ni katika 1999 tu alipohesabiwa tena kuwa aina ya peke yake. Huyo anafika Zambia, Angola na Katanga yetu. Magamba ya juu ya kichwa chake ni madogo madogo, na chini ya jicho ana mstari mweusi tu, pahali ndugu yake wa magharibi na kati ana doa kubwa. Kamba ana mstari. Basi yeye ni mtoto wa pori la hapa hapa.

Mmoja alileta shauri la kumlea mpaka awe mkubwa, tuuze ngozi. Tulikataa. Chatu wa kusini anafika meta 3 ao 4, anameza mbuzi mdogo, na ingawa hana sumu, meno yake yamepindikia nyuma: akiuma, usivute mkono kwa nguvu. Nani atamshika wakati ule? Mama?

Siku ya posho mjomba atapita tena na kamyo yake barabara ya Bunkeya. Atamwacha karibu na maji, mbali na vijiji na mashamba, upande ule ule alikotoka. Ngozi imebaki kwetu. Imetundikwa katika chumba cha biolojia, na lupu iko juu ya meza. Muje muhesabu, lakini musiikunje, inapasuka upesi.