Paka Aliyepanda Begani mwa Imamu

Ilikuwa Aprili 2023, katika Ramadhani ya mwaka 1444. Imamu Walid Mehsas alikuwa akisalisha tarawehe katika mji wa Bordj Bou Arreridj, Aljeria, na sala yenyewe ikirushwa moja kwa moja katika intaneti. Mara paka akatokea, akamrukia kifuani, akapanda mpaka begani, akamsogezea uso wake usoni, kisha akashuka akenda zake. Imamu hakukatiza kisomo. Alimkinga kwa mkono asianguke, akampapasa, akaendelea. Haukupita muda mamilioni ya watu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walikuwa wamekwisha kuitazama video hiyo, na imamu akatunzwa na wakuu wa mambo ya dini nchini mwake.

Mimi niliionyeshwa huku Malakisi, Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, mbali kabisa na harufu ya bahari. Mwenye duka ni mtu wa kwetu pwani, kaja huku kwa biashara ya mahindi, na nyuma ya magunia yake hukaa paka mweusi ambaye yeye humwita karani wa ghala. Tulikuwa barazani baada ya magharibi, simu ikipita mkono kwa mkono, ubishi ukazuka.

Mzee mmoja wa Mumias, mji ambao Uislamu uliufikia pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, aliuliza, "Sheikh, sala ya huyu imesihi kweli?"

Swali si la mchezo, ndugu msomaji. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, vitendo vingi vya mfululizo huiharibu sala, lakini harakati ndogo husamehewa. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anapoinuka. Ama usafi wa mnyama mwenyewe, yatosha habari ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu apate kunywa, na alipoona mke wa mwanawe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi. (Kile kisa cha kukatwa mkono wa kanzu kwa ajili ya paka aitwaye Muezza, kinachopendwa sana kuhadithiwa, sikukiona katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa.)

Mzee aliridhika. Asiyeridhika alikuwa kijana mmoja aliyesema kwamba kama ni umaarufu, hata Malakisi paka wapo. Alitaka kumnyemelea karani wa ghala akiwa anakula, amwekee tango nyuma yake, agutuke aruke, naye amrekodi. Mchezo huo ulienea sana katika intaneti mwaka 2015, na watu walicheka mno.

Mwenye duka alikataa katakata. "Paka wa nyumba haingwa," alisema, "sembuse kutishwa kwenye chakula chake."

Nami nilikuwa upande wake. Gli, paka wa Aya Sofya kule Istanbul, aliyezaliwa mwaka 2004 akafa Novemba 2020, alijulikana dunia nzima kwa kukaa tu mahali pake watu wakimpita; hata Rais Obama alimpapasa mwaka 2009. Hakuna aliyemtisha ili apate picha. Na paka wa Aljeria alipanda kwa hiari yake juu ya mtu asiyekuwa na habari naye. Nilimkumbusha kijana habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hampi chakula wala hamwachi ajitafutie, mpaka akafa, na adhabu aliyoipata. Alinyamaza, akaliweka tango kapuni.

Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu. Alimpiga video paka akiwa amelala juu ya gunia la mahindi, mkia unaning'inia, akaituma. Siku niliyopanda gari kurudi Mombasa, walioitazama walikuwa kumi na mmoja, nami nikiwa mmoja wao.