Kati ya nani? Hesabu za uwezekano kutoka Bonde la Lambwe



Kila mwaka barua za kujiunga na vyuo vikuu zikitoka, watoto wetu wa Pwani hutawanyika. Wa Lamu anajikuta Eldoret, wa Msambweni anapelekwa Kisumu. Kozi zao hazifanani: uuguzi, ualimu, biashara, kilimo, afya ya jamii. Lakini kabla mwaka wa kwanza haujaisha karibu wote huwa wamekutana na somo moja, takwimu na uwezekano, na hapo ndipo wengi huteleza. Si kwamba hawana akili. Mtoto aliyepata alama nzuri za hesabu sekondari anakuja kuangushwa na swali ambalo hesabu yake ni kujumlisha na kugawanya tu.

Mimi nina diploma ya biashara, tena ya zamani, na sijidai mwalimu. Ila somo hili nililipitia, na tangu mwaka jana nalifanya upya kwa sababu ya binti wa dada yangu. Anasoma afya ya jamii katika chuo kimoja cha upande wa ziwani. Mtihani wa kwanza ulimshinda, na wa marudio ukimshinda pia atarudia mwaka. Karo ya mwaka mwingine, kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi, ni mzigo ambao hakuna ndugu anayeweza kuutazama akakaa kimya.

Nilipomwambia anitumie mazoezi anayoyafanya, yote yalikuwa ya karata na dadu. Karata 52, kopa ngapi, mzungu wa nne yuko wapi, dadu mbili zikirushwa jumla yake iwe saba. Huyu ni mtoto aliyekuzwa katika nyumba ambayo karata haziingii mlangoni. Hajui kopa ni ngapi wala shupaza ni ipi. Kabla hajafika kwenye hesabu, tayari swali limemtupa nje.

Si ajabu vitabu vimejaa michezo hiyo. Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, ndio waliandikiana barua mwaka 1654 kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa njiani, na tangu hapo somo limebaki na harufu ya kamari. Lakini msidhani elimu yenyewe ni ya wacheza kamari. Al-Kindi wa Baghdad, karne ya 9, alihesabu herufi zipi zinajirudia sana katika maandishi ya Kiarabu na kwa hesabu hiyo akaonyesha namna ya kufumbua barua za siri. Hiyo ni takwimu, na hapana dadu hapo.

Basi siku moja akaniambia, "Mjomba, wiki ijayo wanatupeleka Lambwe kutazama mitego ya mbung'o." Nikamwambia kitabu chako ndicho hicho, weka karata pembeni.

Kwa asiyepajua, Bonde la Lambwe liko kaunti ya Homa Bay, si mbali na Ziwa Victoria, vilima vya Gwasi vikiwa upande wa magharibi. Ndani yake iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, ambayo ndiyo makao ya korongo wa mwisho wa Kenya. Nasema korongo yule mnyama mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, si ndege. Sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu. Sisi huku tuna jamaa yake, palahala wa Shimba Hills. Na kama vile Shimba Hills, Lambwe ina mbung'o. Mbung'o ndio walioifanya sehemu kubwa ya bonde hilo isikaliwe na watu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa malale ulilipuka huko hadi dawa ikanyunyizwa kwa ndege.

Swali la kwanza nililompa lilikuwa hili. Bondeni kuna mbung'o wangapi? Nambari ninazotumia hapa nimezitunga kwa ajili ya zoezi, lakini njia ni ya kweli. Huwezi kuwahesabu mmoja mmoja. Unawanasa kiasi kwa ile mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, unawatia doa la rangi mgongoni, unawaachia. Baada ya siku chache unanasa tena, unatazama wangapi wana doa. Mtafiti C. H. N. Jackson aliifanya kazi ya namna hii kwa mbung'o wa Shinyanga, Tanganyika, katika miaka ya 1930, na mpaka leo inatajwa na wanaofundisha somo hili.

Tuseme mara ya kwanza walitiwa doa mbung'o 120. Mara ya pili wakanaswa 150, na kati yao 9 wana doa. Binti akajibu haraka: 120 na 150 ni 270, toa 9 waliohesabiwa mara mbili, jibu 261.

Hesabu haina kasoro, na jibu si sahihi. Hao 261 ni mbung'o aliowaona, nami nilimuuliza waliopo.

Nikamwambia asiandike kanuni yoyote, aandike sentensi ya Kiswahili. Tisa kati ya nani? Akaandika: "Tisa kati ya 150 walionaswa mara ya pili wana doa." Hiyo ni asilimia 6. Sasa, ikiwa wenye doa walichanganyika na wenzao sawasawa, basi wenye doa ni asilimia 6 ya bonde zima vile vile. Nao wenye doa tunawajua, ni 120. Idadi gani ambayo asilimia 6 yake ni 120? Ni 2,000.

Halafu akanishangaza. Akasema, "Na nikisema tisa kati ya 120?" Sawa, tukafanya. Tisa kati ya wale 120 waliotiwa doa wamenaswa tena, asilimia 7.5. Kwa hiyo mitego hunasa asilimia 7.5 ya mbung'o wote. Ilinasa 150. Idadi gani ambayo asilimia 7.5 yake ni 150? Elfu mbili tena! Siku hiyo ndipo nilipojua ameanza kuelewa, kwa sababu aliuliza mwenyewe "kati ya nani" mara ya pili na akapata njia nyingine ya kufika pale pale.

Lakini hesabu hii ina masharti, na wanafunzi wengi huyaruka. Tuseme nusu ya wenye doa wamekufa, au mvua imewafuta rangi. Wamebaki 60. Mara ya pili utaona wanne au watano badala ya tisa, na hesabu itakupa mbung'o karibu 4,000. Bonde ni lile lile, mbung'o hawakuongezeka, wewe umepata mara mbili. Kwa anayepanga mitego na dawa hilo si kosa dogo. Mvuvi yeyote wa huku anaweza kufikiria swali hili hili kwa kaa wa mikokoni: ukimtia kaa alama kwenye gamba, ujue kaa hujivua gamba, na alama yako inakwenda nalo.

Swali la pili ndilo lililomwangusha kwenye mtihani, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote, hasa kwa mtoto atakayekuja kuvaa koti jeupe. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, na asilimia 5 ukanda wa Pwani. Chukua watoto 1,000 wa kila upande. Sasa niazime kipimo cha kubuni: mwenye vimelea hukigundulia 90 kati ya 100, na asiye navyo hukosea 10 kati ya 100 kwa kusema anavyo. (Vipimo vya hospitali ni bora kuliko hiki, nimefanya hivi ili nambari ziwe nyepesi.) Mtoto amepimwa, kipimo kimesema ndiyo. Uwezekano kwamba kweli ana vimelea ni ngapi?

Darasa zima, naambiwa, liliandika asilimia 90.

Tuhesabu watu badala ya asilimia. Upande wa ziwa, kati ya 1,000, wenye vimelea ni 190. Kipimo kinawapata 171. Wasio navyo ni 810, na kipimo kinawasingizia 81. Jumla ya walioambiwa "ndiyo" ni 252. Kati yao wa kweli ni 171, yaani kama 68 kwa 100.

Njoo Pwani. Wenye vimelea 50, kipimo kinawapata 45. Wasio navyo 950, kinawasingizia 95. Walioambiwa "ndiyo" ni 140, wa kweli ni 45 tu. Hiyo ni kama 32 kwa 100.

Kipimo ni kile kile, mkono wa mpimaji ni ule ule, na jibu limeanguka zaidi ya nusu kwa kuvuka nchi tu. Asilimia 90 ni ya wanaosema "ndiyo" kati ya wagonjwa. Swali liliuliza wagonjwa kati ya walioambiwa "ndiyo". Sentensi zinafanana kama mapacha, na anayezichanganya ataandika dawa asiyopaswa kuiandika au atamtia mama wa watu hofu bure. Naongeza jambo moja ili nisilaumiwe: hao 1,000 ni watoto wa kuokotwa mitaani, wazima kwa wagonjwa. Mtoto aliyeletwa zahanati anatetemeka kwa homa hayumo katika kundi hilo. Yumo katika kundi jingine ambalo wenye malaria ni wengi zaidi, kwa hiyo kipimo chake kikisema ndiyo, anywe dawa alizoandikiwa. Hata hapo swali ni kati ya nani.

Selimundu nitaipitia kwa ufupi. Ugonjwa huu umeenea ziwani na Pwani kwa sababu moja, malaria: mwenye nusu yake hulindwa kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana umedumu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto kuwa mgonjwa. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akimwambia mama, "Umeshapata mmoja mgonjwa, sasa watatu wanaofuata ni wazima." Si hivyo. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyopita. Robo ni robo kila mara. Wazazi hao wakipanga watoto watatu, uwezekano wa wote kuwa wazima ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kati ya 64. Uliobaki, 37 kati ya 64, ni wa kupata mgonjwa angalau mmoja. Neno "angalau" likionekana kwenye swali, mwanafunzi aanze na "hata mmoja" kisha atoe kwenye moja. Atajiokolea nusu saa.

Hivyo ndivyo tunavyofanya mazoezi sasa, kwa simu, baada ya Isha. Sentensi kwanza. Kisha kisio: kabla hajashika kikokotozi lazima aniambie jibu litakuwa dogo au kubwa. Kisha watu 1,000. Kanuni ya kitabu inakuja mwisho, na mara nyingi anaikuta inasema alichokwisha kukifanya. Zoezi likiisha nabadilisha nambari moja tu na kumuuliza jibu litapanda au litashuka, bila kuhesabu. Maswali matano ya namna hiyo nayaona bora kuliko hamsini ya kunakili majibu ya wenzao yanayozunguka kwenye makundi ya simu.

Swali la tatu bado tunalo mkononi. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi aligunduliwa mwaka 2009. Ni habari njema kwa Lambwe, alhamdulillahi. Lakini mbung'o wangalipo, na ng'ombe bado wanaugua nagana, kwa hiyo upimaji unaendelea. Mpimaji anaporudi na kusema "sikuona hata mmoja", unapaswa kumuuliza: kati ya wangapi?

Tuseme katika eneo fulani ng'ombe 1 kati ya 100 ana vimelea. Ukipima 30, uwezekano wa kutomwona hata mmoja ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, kama asilimia 74. Yaani ugonjwa upo, na mara tatu kati ya nne utarudi ukisema haupo. Ukipima 300, uwezekano huo unashuka hadi chini kidogo ya asilimia 5. Sifuri ya ng'ombe 30 na sifuri ya ng'ombe 300 zinaandikwa sawa, lakini si nambari moja. Na hiyo ni ikiwa ng'ombe wametoka mazizi mbalimbali. Ukiwachukua wote 300 kwa tajiri mmoja mwenye kunyunyizia dawa kila wiki, umepima zizi lake, hujapima bonde.

Wenye watoto vyuoni wawape hili la kwetu. Pembezoni mwa Shimba Hills wamepimwa ng'ombe 60 kutoka mazizi tofauti, hakuna aliyekutwa na vimelea. Ikiwa kweli ng'ombe 5 kati ya 100 wanavyo, uwezekano wa kutoka mikono mitupu hivyo ni ngapi? Jibu ni chini kidogo ya asilimia 5. Aliyepata 95 amejibu la "angalau mmoja", na aliyepata zaidi ya 100 aanze upya na sentensi.