Mlango wa Mashini ya Picha

Mpiga picha mmoja alinunua mashini ya picha ya zamani. Kwa nje iling'aa kama mpya. Siku ya Jumamosi aliitwa kwenye arusi, akapiga picha 12. Aliposafisha filimu, lo! Uso wa bibi arusi ulikuwa mweupe kama karatasi, na mkono wa bwana arusi ulionekana kama moshi. Arusi hairudiwi. Je, kosa lilikuwa wapi?

Ndani ya mashini ya picha mna mlango mdogo. Mlango huo wafanana na ukope wa jicho: unafunguka, mwanga unaingia na kugusa filimu, kisha unafungika. Namba zimeandikwa kwenye pete ya mashini. Namba 25 maana yake ni hii: sekunde moja igawanywe mafungu 25, na mlango ubaki wazi kwa fungu moja tu. Mlango ukichelewa kufungika, mwanga unazidi. Na mtu akitikisika kidogo, picha yake inavurugika.

Mashini nyingi za zamani zina mlango uitwao Compur. Ulitengenezwa katika kiwanda cha Friedrich Deckel, mjini München, nchi ya Ujerumani. Mashini iitwayo Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929, ilikuwa na mlango huo. Ndani yake mna springi na magurudumu madogo yenye meno, kama ndani ya saa. Mafuta yakikaa miaka mingi yanakauka na kunata, na magurudumu yanakwenda polepole. Namba ya nje haibadiliki, lakini kazi ya ndani imebadilika.

Jicho la mtu haliwezi kupima muda mfupi hivyo. Basi mpiga picha alitwaa gramafoni. Sahani yake yazunguka mara 100 kwa dakika 3. Kwanza alishika saa akaihesabu mizunguko yote, maana kipimo chenyewe kikidanganya, kazi yote ni bure. Aliona ni 100 kamili.

Sasa tuhesabu. Mzunguko mmoja una digrii 360. Mizunguko 100 ni digrii 36,000. Dakika 3 ni sekunde 180. Gawanya: kila sekunde sahani inapita digrii 200. Basi kwa fungu moja la 25 itapita digrii 8.

Alibandika ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe karibu na ukingo wa sahani nyeusi. Akaiweka mashini juu ya miguu mitatu, ikitazama chini sawasawa. Ikiinama upande, duara litaonekana kama yai, na kipimo kitakuwa cha uongo. Sahani ikazunguka, naye akapiga picha kwa namba 25, tena kwa namba 100.

Katika picha, karatasi ilikuwa imechora mstari mweupe uliopinda. Alipima pembe yake kutoka katikati ya sahani, akatoa upana wa karatasi yenyewe. Kwa namba 100 alipata digrii 2, ndiyo haki yake. Lakini kwa namba 25 hakupata digrii 8, alipata 24! Kumbe mlango ulikaa wazi mara tatu kupita muda wake. Ndiyo sababu arusi iliharibika.

Hakutia mafuta, kwa kuwa mafuta yakifika kwenye vipande vya mlango yatavinatisha. Alimpelekea fundi, naye akasafisha magurudumu. Kisha alipima tena: digrii 8. Matokeo yote aliyaandika katika daftari, maana wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Namba 250 haipimiki vema kwa gramafoni, kwa sababu mstari wake haufiki hata digrii moja. Kwa hiyo mafundi hutumia chombo cha umeme.

Watoto, namba iliyoandikwa ni ahadi tu. Mwenye busara hupima kabla ya siku ya kazi, si baada yake.

MAULIZO
1. Kwa nini mlango wa mashini ya zamani unachelewa?
2. Kwa nini mpiga picha alipima gramafoni kwanza?
3. Kwa namba 10, sahani itapita digrii ngapi?