Dakika nne za kwanza hazimpimi mbabe

Katika soko la ubashiri, bei ndiyo utabiri wenyewe. Kalshi, kampuni ya New York, ina mikataba inayolipa dola 1 jambo likitokea na kutolipa chochote lisipotokea. Mkataba wa ushindi wa timu ukiuzwa senti 82, soko linaipa timu hiyo nafasi ya takribani asilimia 82 ya kushinda. Bei hupatikana kwa watu kuuziana wao kwa wao, na hupanda na kushuka hata mchezo ukiendelea.

Tangu mwaka 2025 mikataba hiyo imeingia katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, na haiishii kwa mshindi wa mechi. Mwanzo wa mchezo nao una wanunuzi wake, na hapo ndipo hesabu inapohitaji utulivu.

Mechi ya wanaume ya vyuo ni dakika 40, nusu mbili za dakika 20. Tuseme timu moja inatarajiwa kushinda kwa pointi 10, na matokeo huyumba kwa kama pointi 11 kuzunguka matarajio hayo. Nafasi yake ya kushinda mechi ni asilimia 82. Kuongoza nusu ya kwanza? Asilimia 74. Kuongoza dakika nne za kwanza? Kama 61 tu. Timu ni ileile, wachezaji ni walewale. Ubora wao umenyimwa muda wa kuonekana. Kila kipande cha mchezo kikifupishwa, bahati hutawala zaidi.

Sasa mbabe huyo aanze vibaya: mitupo mitatu ya mbali imegonga chuma, ubao unasoma 8–0 dhidi yake, dakika nne zimekwisha. Mapumziko ya televisheni huja mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya 16:00, na wafanyabiashara hupata nafasi ya kuhangaika. Kwa hesabu yetu nafasi yake imeshuka hadi 54, lakini bado ndiye anayepewa ushindi. Pengo hilohilo zikibaki dakika nne lingemwachia asilimia 2 au 3 tu. Anayeuza kwa hofu dakika ya nne anaitendea 8–0 kana kwamba ni ya dakika ya 36.

Kuna hatari inayonisumbua zaidi ya hiyo. Kuharibu mechi nzima ni kazi. Kuharibu dakika chache kunahitaji mchezaji mmoja anayekosa makusudi, kisha timu ikarudi na kushinda bila mtu kushuku. Mwaka 1950 chuo cha CCNY cha New York kilitwaa mataji ya mashindano mawili ya kikapu ya vyuo, NCAA na NIT, kwa mpigo. Mwaka 1951 wachezaji wake walikamatwa kwa kupokea fedha ili wapunguze pengo la pointi, si lazima wapoteze mechi. Mwezi Machi 2024 rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku kubeti takwimu za mchezaji mmojammoja wa chuo, kwa ajili ya kuwalinda vijana hao na shinikizo.

Mikataba ya mwanzo wa mchezo ina udhaifu uleule. Haitupi habari kubwa kuhusu ubora wa timu, na inamweka kijana wa miaka 19 mbele ya kishawishi chepesi. Wasimamizi wa masoko haya waiondoe.