Programu Ikibadili Jina (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini programu huria hubadili majina. Leo tutazame mzigo unaobaki jina likishabadilika, mzigo ambao mtumiaji hapaswi kubebeshwa.

Chukua GNOME, mazingira ya eneokazi yanayotumika sana kwenye Linux. Ukiweka programu katika orodha ya zile unazozipenda, mfumo hauhifadhi picha yake. Huandika tu jina la faili dogo linaloieleza. Kwa Nautilus, programu ya kufungulia mafaili, jina hilo lilikuwa nautilus.desktop. Baadaye watengenezaji wakaamua liwe org.gnome.Nautilus.desktop, lilingane na jina ambalo programu hujitambulisha nalo inapoitwa na wenzake. Hoja yao ina mashiko. Lakini kwenye kompyuta ya mtu aliyesasisha mfumo jana usiku, orodha bado ina jina la kale. Asubuhi mfumo unalitafuta, haulioni, unaliruka. Alama imetoweka pasipo onyo, na mwenyewe anadhani programu imefutwa.

Dawa yake ni fupi mno. Ndani ya msimbo wa GNOME, kwenye faili liitwalo appFavorites.js, watengenezaji waliweka jedwali: kushoto jina la kale, kulia jipya. Orodha inaposomwa, kila jina hupitishwa humo; la kale likionekana, jipya hushika nafasi yake, kisha orodha iliyosahihishwa huhifadhiwa. Mtumiaji hata hajui. Mstari mmoja kwa kila programu! Ndiyo maana sioni udhuru wowote kwa mradi unaobadili jina na kuwaachia watu wahangaike kutafuta kilichopotea.

Wengine huliacha jina la kale liendelee kuishi. StarOffice, programu ya ofisi kutoka Ujerumani, ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, msimbo wake ukafunguliwa mwaka 2000 kwa jina la OpenOffice.org, ambayo ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2010 likatoka tawi jipya, LibreOffice. Majina yamepishana, lakini andika soffice kwenye terminali ya Linux leo, LibreOffice itafunguka. Herufi ile ya kwanza ni ya StarOffice. Wapo wanaoitumia amri hiyohiyo kugeuza barua kwa mamia kuwa PDF, bila mtu kukaa mbele ya skrini, na kazi zao hazikukatika.

Wiki ijayo: folda ya mipangilio inapohama, nani aifuate?